Kiti cha Dereva Nilikikalia Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Malaba
Tarehe: Jumatano, 12 Machi 2025
Kuandikwa kulianza: saa kumi jioni
Jina la shahidi: Zilpa Taaka Oduori
Umri: miaka 67
Kazi: mkulima; huuza mihogo mikavu soko la Funyula
Makao: karibu na Funyula, Samia
Maelezo yametolewa kwa Kiswahili mbele ya Konstebo Asekenye

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Akili zangu ni timamu na hakuna aliyenilazimisha kuja. Tangu nifike hapa nimeulizwa swali moja tu: je, nilimtuma mwanangu Collins Oduori achukue gari la Mama Sharlyne akaliuze? Nitalijibu. Lakini nitaanza mwanzo, kwa sababu kila anayenipigia simu leo anataka niseme neno moja, ndiyo, kisha niende nyumbani. Sikupanda bodaboda kutoka Funyula mpaka Malaba, na mgongo huu, kuja kusema neno moja.

Nilizaa wavulana wawili walioishi. Wa kwanza ni Methuselah. Alifariki Agosti mwaka uliopita, ni presha, hata hospitali hatukufika. Wa pili ni huyo Collins mliyemfungia hapo ndani. Methuselah alimwacha mke, anaitwa Roselyn, lakini mimi namwita Mama Sharlyne kwa jina la mtoto wake mkubwa. Mama Sharlyne hununua samaki ufuoni Osieko na kuwauza Busia.

Gari ni hilo Probox jeupe mlilolileta hapo nje. Kitabu cha gari, hiyo logibuku, kina jina la Methuselah, sikatai. Lakini mimi nilikuwa katika boma letu gari likinunuliwa na ninajua lilivyonunuliwa. Mwanangu alishika usukani, mkewe akabeba samaki, alfajiri baada ya alfajiri, na jasho la samaki ndilo lililonunua lile gari. Kwa hiyo mimi nikisema gari la Mama Sharlyne, usiniulize mara mbili.

Tangu tumzike Methuselah gari limesimama nyuma ya nyumba yangu. Mama Sharlyne hajui kuendesha. Amekuwa akisafirisha samaki kwa bodaboda, anafika Busia jua limeshapanda, wateja wameshanunua kwa wengine. Samaki wengine tunakula sisi, wengine tunawatupia mbwa. Collins ana leseni. Akiombwa apeleke samaki, ana shughuli. Akiombwa siku nyingine, mgongo unamuuma. Rafiki yake akiwa na harusi, mgongo umepona na gari linatoka.

Mnamo Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, mimi na Mama Sharlyne tulienda Busia kujiandikisha. Kuna watu wenye magari wana klabu yao, inaitwa Klabu ya Magari ya Mpakani, na wanafungua shule ya udereva ya wale wanaoanza kabisa, wasiojua hata kuwasha. Ni kila Jumamosi uwanjani. Ilitangazwa kanisani kwetu kwamba ni lazima ujiandikishe mapema kwa sababu nafasi ni chache. Unakuja na gari lako, na unakuja na mtu mwenye leseni wa kulileta na kulirudisha. Usipotokea na gari siku ya kwanza, nafasi yako anapewa anayengoja. Hiyo siku ya kwanza ni Jumamosi hii inayokuja, tarehe 15 Machi, saa mbili asubuhi.

Siku ya kujiandikisha Collins ndiye aliyetuendesha. Alikuwa na adabu sana siku hiyo, hata alinifungulia mlango. Ilinipasa kushtuka hapo hapo.

Aliyetuandikisha ni Bwana Mathews Okedi wa hiyo klabu. Alilikagua gari kwanza, akakanyaga breki, akavuta mikanda, kisha akabandika stika ya kijani kwenye kioo cha mbele, nambari kumi na nne. Akauliza dereva wa kulileta gari ni nani. Mama Sharlyne akasema, "Ni shemeji yangu huyu hapa." Nataka uandike hivyo, afande. Ni sisi wenyewe tuliomtaja.

Kisha Bwana Okedi akaniangalia akacheka, akasema, "Na wewe Mama, umekuja kumsindikiza?" Kile kicheko sikukipenda. Nikamwambia, "Andika na mimi." Collins akaninong'oneza, "Mama, wacha mchezo, watu wanakuangalia." Nikamjibu kwa sauti kwamba waangalie vizuri. Bwana Okedi aliacha kucheka, akaniuliza kama ninaona mbali. Nikamsomea kibao cha duka lililokuwa ng'ambo ya barabara, mpaka nambari ya simu ya mwenye duka. Akaniandika. Gari moja linaruhusiwa kuwa na wanafunzi wawili.

Jioni hiyo hiyo Collins alikuja nyumbani kwangu na maneno mengine kabisa. Hapa lazima nieleze habari ya kiti, usije ukadhani nimechanganyikiwa. Kwangu kuna kiti cha miguu mitatu kilichochongwa na baba ya mume wangu. Alikikalia mume wangu, kisha Methuselah. Kwetu, mwenye kiti akifa, kiti kinawekwa ukutani na hakuna anayekikalia mpaka siku ya makumbusho ya marehemu, wazee waseme ni nani sasa. Hata watoto wanajua. Mtoto wa juzi akikimbiza kuku ndani ya nyumba, kile kiti anakizunguka.

Sasa Collins akasema kiti cha dereva ndani ya gari nacho ni kiti cha marehemu. Eti mjane akikikalia kabla ya makumbusho analeta mkosi kwa boma zima. Eti yeye anatetea heshima ya ndugu yake. Nikamuuliza, "Na wewe leo, kwenda Busia na kurudi, ulikuwa umekalia nini? Gunia?" Akasema yeye ni mwanamume. Nikamwambia desturi ni ya kile kiti cha mti pale ukutani, haijui habari za magurudumu, na atoke mbele ya macho yangu.

Baada ya siku mbili alirudi akaomba msamaha. Akasema amefikiria, na atatupeleka uwanjani Jumamosi ya kwanza bila shida. Nilifurahi sana. Nilimchinjia hata kuku.

Ufunguo wa gari tuliuweka juu ya kile kiti cha ukutani. Hatukuuficha. Mimi na Mama Sharlyne tuliona hapo ni salama kuliko kabatini, kwa sababu kabati mtu anaweza kulifungua, lakini kile kiti hakuna anayekisogelea. Collins alijua ufunguo uko pale. Alijua pia atapewa Jumamosi asubuhi, si kabla.

Leo, mnamo saa tatu asubuhi, nilikuwa nyuma ya jikoni nikianika mihogo. Mama Sharlyne alikuwa amekwenda Osieko. Nikasikia mlango wangu, nikazunguka nikaingia. Nikamkuta Collins amekalia kiti cha ndugu yake. Amekaa, afande! Amekaa kabisa, amekunja mguu mmoja, anafunga kamba za viatu, na ufunguo wa gari ameubana kwa meno.

Hapa ndipo ninapojikasirikia mwenyewe. Sikumuuliza habari ya ufunguo. Nilimuuliza habari ya kiti. Nilisema, "Collins, umekalia nini?" Akautoa ufunguo mdomoni akasema, "Ah, Mama, si nafunga tu viatu." Akasema hivyo tu, kama amekalia ngazi ya duka. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka. Nikaenda mbio kwa shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu, nyumba yake iko ng'ambo ya ua. Nilitaka aje aone kwa macho yake kabla kiti hakijapoa.

Nilikuwa bado naeleza habari ya kiti niliposikia injini. Tulipofika kwangu Collins hayuko na gari haliko. Shemeji yangu akainama kukiangalia kiti kama kimepata ufa. Hata yeye hakuuliza habari ya gari.

Nilimpigia Mama Sharlyne simu. Nikamweleza gari limechukuliwa. Kisha akasema, "Mama, na Jumamosi?" Basi. Hakulia. Angelia ningejua la kumwambia. Aliwaacha samaki wake kwa mwenzake hapo ufuoni akapanda bodaboda ya kuja Busia tulitafute gari.

Ilipokaribia saa tano, Bwana Okedi alimpigia Mama Sharlyne simu akiwa bado njiani. Alikuwa hapa Malaba kwa shughuli zake, akapita mbele ya gereji ya Bwana Emorut, hapo barabara ya kuelekea mpakani, akaona gari lenye stika ya kijani nambari kumi na nne. Alimuuliza, "Dada, mmejitoa darasani? Naona dereva wenu anafungua nambari za gari." Mama Sharlyne alimweleza. Bwana Okedi akasema atamshikilia kwa maneno mpaka tufike, na alifanya hivyo, Mungu ambariki, hata kama alinicheka siku ile.

Mimi na Mama Sharlyne tulikutana Busia tukaja pamoja. Tulifika gereji saa saba na robo mchana. Gari la Mama Sharlyne lilikuwa katikati ya malori mawili. Kibao cha nambari cha nyuma kimeshatolewa. Collins alikuwa amepiga magoti juu ya boneti, ana wembe, anaikwangua ile stika. Ilikuwa imegoma kutoka.

Pembeni alisimama mwanamume kutoka Uganda, sikumjua na sijui jina lake, ndiye mnunuzi. Alikuwa na heshima kuliko mwanangu. Aliniita nnyabo, yaani mama kwa lugha yao, akasema, "Mimi sitaki maneno. Huyu kijana alisema mama ndiye ametuma. Akasema mke wa marehemu alishaenda, ameolewa kwingine." Mama Sharlyne amesimama ubavuni mwangu, gauni lina magamba ya samaki, hajala tangu asubuhi. Ameolewa! Na nani, na samaki ngege?

Bwana Emorut mwenye gereji alimgeukia Collins mbele ya watu wote. Akamuuliza, "Kijana, mama yako si ndiye huyu? Alikutuma ama hakukutuma?" Collins aliniangalia machoni. Hakuangalia chini. Akasema, "Alinituma mwenyewe. Ni vile siku hizi anasahausahau."

Wueh. Afande, nimezika mume na nimezika mtoto, lakini mwili wangu haujawahi kuwaka kama ulivyowaka hapo. Kuniibia ni kitu kimoja. Kunifanya mimi ndiye mwizi, halafu mwizi asiye na akili, mbele ya mafundi na mbele ya mtu wa nchi nyingine! Mtoto niliyemfundisha kufunga hizo kamba za viatu!

Sikumpiga. Kuna watu wamekuja hapa wakasema nilimpiga, ni uongo, waulizwe nilimpiga na nini. Nilifungua mlango wa dereva nikaingia nikakaa. Katika umri wangu wote sikuwahi kukalia upande ule wa gari. Nikafunga mlango, nikazungusha kioo kikashuka kidogo ili anisikie vizuri. Nikamwambia, "Kama hiki ni kiti cha marehemu, basi aliyemzaa marehemu ndiye amekikalia. Njoo unitoe."

Kisha nikaweka mkono juu ya honi na sikuutoa. Madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya mpakani wakaanza nao kupiga honi, sijui walidhani nini. Collins alikuwa akigonga kioo akisema, "Mama, unaniaibisha." Mimi ndiye ninayemwaibisha, umesikia? Nilibonyeza zaidi. Mama Sharlyne alizunguka akasimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti, ili lisisukumwe. Tukakaa hivyo mpaka askari wenu wawili wakaja kwa miguu kuuliza ni kelele gani. Ilikuwa inakaribia saa nane. Mkono wangu mpaka sasa una alama, unaweza kuuona.

Tangu tufike hapa shemeji yangu amenipigia simu mara tatu. Ni yule yule aliyeinama kukagua kiti. Anasema nikubali kwamba nilimtuma, mambo ya nyumbani yarudi nyumbani, wazee watakaa. Watakaa! Wamekaa tangu Agosti. Hakuna hata mmoja aliyesimama kupeleka samaki wa mjane sokoni. Nimemwambia asinipigie tena, na simu nimeizima.

Collins naye, nilipopitishwa mbele ya seli, ameniita kwa sauti ya chini. Amesema, "Mama, sema tu ulinituma tuyamalize. Mimi ndiye mtoto uliyebaki naye." Hilo neno limeniingia. Ni kweli, ndiye niliyebaki naye. Nimetoka nje nikalia hapo kwenye mfereji wa maji, wewe mwenyewe umeniona, binti yangu, kwa hiyo sina haja ya kuficha. Lakini nikiwa bado nafuta macho hasira ikarudi. Kwa sababu alijua. Alijua nina yeye tu, na ndiyo maana akathubutu. Alikuwa amenipigia hesabu tangu nyumbani.

Nikisema ndiyo, Collins atatoka jioni hii. Na gari litakuwa limeuzwa na mimi. Mama Sharlyne atarudia bodaboda na samaki wanaoharibika, Jumamosi nafasi yake itapewa mtu mwingine, na Samia nzima itasema ni mama mkwe aliyemnyang'anya. Yeye amekaa hapo kwenye benchi tangu tuje. Hajaniomba kitu. Hata kuniangalia haniangalii, anaogopa nitadhani ananisukuma. Huyo si mtoto niliyemzaa, lakini mimi nikiugua, ni nani anayeniogesha? Muulizeni Collins kama anajua hata dawa yangu ni ya rangi gani.

Sasa andika vizuri. Sikumtuma Collins. Sikumpa ufunguo, sikumruhusu kuchukua gari la Mama Sharlyne, sikumwambia aliuze, si leo, si siku yoyote. Na sijasahau kitu. Nilichosahau ni kumuuliza ufunguo ulikuwa ukifanya nini mdomoni mwake.

Ninaomba gari lipigwe picha mnazotaka, kisha lirudishwe kabla ya Jumamosi. Bwana Okedi amesema atakuja yeye mwenyewe Ijumaa alipeleke uwanjani, kwa sababu dereva tuliyemwandikisha mko naye nyinyi. Ile stika isiguswe tena. Imekwanguliwa upande mmoja lakini nambari bado inasomeka. Na Jumamosi Mama Sharlyne akishamaliza zamu yake, zamu inayofuata ni yangu.

Collins ni mtoto wangu na hamtanisikia nikisema vingine. Kesho asubuhi nitamletea uji na shati la kubadilisha, na ninaomba mniruhusu. Akinisalimia nitamwitikia. Lakini ufunguo muuweke mkononi mwa Mama Sharlyne, na mfanye hivyo Collins akiwa hapo anaona.

Niliyokuja kusema ni hayo. Mkiniita kortini nitayasema hivyo hivyo, hata akiwa amesimama mbele yangu.

Sahihi ya shahidi: Z. T. Oduori

Maandishi ya afisa:

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Asekenye, na nikamsomea shahidi kwa Kiswahili. Yalikamilika saa kumi na mbili jioni. Shahidi alikuwa na hasira muda wote lakini hakujikanganya. Mshukiwa bado yuko seli. Gari limepigwa picha na litaachiliwa kwa Bi. Roselyn kesho baada ya taratibu kukamilika.

Mwanzoni nilikuwa nimeandika "gari la marehemu" kwa kufuata logibuku. Shahidi alikataa kutia sahihi. Nilimweleza kwamba jina la kwenye logibuku halibadilishwi na maelezo ya mtu. Alijibu kwamba haya si maneno ya logibuku, ni maneno yake. Nimeandika upya "gari la Mama Sharlyne" kila mahali. Alisoma mwenyewe, kidole juu ya mistari, akamwita Bi. Roselyn kutoka kwenye benchi akamwonyesha, ndipo akatia sahihi.